Nguzo, Mwambie Mwalimu

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka chuo kikuu, akala nami ugali kwa mlenda, akaniambia kwamba mwakani atasoma masomo mawili kwa pamoja, hisabati na saikolojia. Nikamwuliza hilo la pili ni kitu gani. Akasema, "Elimu ya nafsi, Bibi. Kujua mtu anawaza nini, na kwa nini anawaza hivyo." Nikaliweka tonge chini. Alidhani limenikwama kooni, akainuka kuniletea maji.

Sikumkataza. Elimu zote ni za Mwenyezi Mungu, nami si mwenye kuzigawa. Lakini chakula kile sikukimaliza. Niliwahi kumjua mtu aliyesoma vitu hivyo viwili pamoja, tena Ulaya, enzi za Mjerumani, wakati ambapo hapa kwetu Masasi mtu aliyejua kusoma msahafu tu aliitwa mwanachuoni. Nilimjua miaka mingi. Alikuwa mume wa dada yangu Salima.

Jina lake silitaji. Amekwisha kufa, na tumefunzwa tuwataje wafu kwa wema wao. Watu wote walimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Habari za masomo yake alizisimulia mwenyewe, mara nyingi, hata kwa watu wasiouliza. Alichukuliwa Ulaya akiwa kijana ili awe msaidizi wa lugha. Kazi yake ilikuwa kutamka. Wajerumani waliokuwa wanajiandaa kuja kututawala walikaa mbele yake katika chumba cha chuo kikuu, yeye akasema "ng'ombe", nao wakahangaika kusema "ng'ombe" mpaka nyuso zikawa nyekundu. Akimaliza kutamka alikuwa huru, na badala ya kwenda kulala aliomba ruhusa ya kukaa nyuma kabisa katika madarasa mawili. Asubuhi aliwasikiliza watu wa hesabu. Mchana aliwasikiliza watu wa nafsi.

"Wale wa hesabu waliwacheka wale wa nafsi," alikuwa akisema. "Waliwaambia wanapima moshi. Na wale wa nafsi waliwaonea wivu wale wa hesabu. Mimi peke yangu nilikaa kwenye vyumba vyote viwili, nikaona ni chumba kimoja chenye ukuta wa bure katikati."

Maneno mazuri hayo, na nilipoyasikia mara ya kwanza niliyapenda. Nilikuwa msichana, nimesomeshwa Kurani na baba yangu barazani, na kiu ya kujua nilikuwa nayo. Lakini chuo kile hakikumpa cheti. Msaidizi wa lugha hakuwa mwanafunzi. Jina lake halikuandikwa popote. Alirudi kufundisha watoto hapa Masasi, akiwa na suti nyeupe na saa ya fedha yenye mshale mmoja mwembamba, uliokimbia ukibonyeza na kusimama ukiachia. Hilo la cheti lilimla kama mchwa unavyokula mlango, ndani kwa ndani, rangi ikibaki nzima.

Kila alipompa mtu mkono alitoa kitambaa mfukoni akaufuta. Hakuficha. Ungemwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia marahaba kwa sauti ya upole kabisa, na wakati bado unamtazama akawa anaifuta salamu yako vidoleni. Alisafisha kucha kwa mwiba wa mchongoma watu wakimweleza shida zao. Na mtu akilia mbele yake aliinamisha kichwa kidogo, kama mwenye huruma. Mwanzoni tulidanganyika. Kumbe alikuwa akisikiliza pumzi: zinakwenda upesi kiasi gani, zinakatika wapi. Kati ya mambo yake yote hilo ndilo lililonitia kinyaa kwanza, kabla sijajua kwa nini.

Alikuwa na semi zake. "Moyo ni hesabu ambayo mwenyewe hajaifanya." Na nyingine, aliyoipenda zaidi: "Anayekawia anaficha." Alisema Ulaya wamegundua kwamba mtu akitajiwa neno, akaambiwa ajibu kwa neno la kwanza linalomjia, ulimi wa mtu safi huruka papo hapo. Mwenye jambo moyoni hukwama kwenye neno linalogusa jambo lile. Unachukua saa, unapima kukawia kwake, unatafuta wastani, na mwenye kosa anajitokeza mwenyewe kama jiwe kwenye mchele.

Dada yangu ndiye aliyelipia semi hizo. Salima aliolewa akiwa msemaji wa taratibu. Ukimwuliza kitu alikutazama, akatabasamu, ndipo akajibu. Mwalimu alikaa naye mezani, kidole gumba juu ya saa, akimtajia maneno: chumvi, jirani, sokoni, kaka. Akikawia kwenye "jirani", aliulizwa habari za jirani mpaka chakula kikapoa. Mwaka haukwisha, dada yangu akawa anajibu kabla swali halijamalizika, kichwa kikirukaruka kama kuku anayedonoa. Mama alipomwona hivyo alisema, "Mwanangu amefundishwa adabu ya kasuku."

Lakini nisimdhulumu. Mtu huyu alinifundisha kitu ninachokitumia hadi leo, na nikikitumia humshukuru. Ili nikieleze lazima nieleze kwanza jinsi alivyokaa na baba yangu.

Kwetu, mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja hupinda porini mpaka mwenzake apite. Ni heshima, mtu aliyekupa binti yake hutupi maneno usoni pake. Ikiwa lazima waongee na hakuna mtu wa kati wa kupokea maneno, basi wanakiambia kitu. Baba angekaa barazani, Mwalimu amesimama uani ametazama kando, na baba angesema, "Jembe, mwambie Mwalimu binti yangu huyu mdogo amefika kwenye mirathi, na mimi mafungu yananishinda kugawanya."

Na Mwalimu, msomi wa Ulaya, mwenye suti nyeupe, alilijibu jembe. "Jembe, mwambie Mzee amlete kesho."

Nilikuwepo. Nililisikia jembe likitumwa huku na huku kama mjumbe, na wote wawili walifanya hivyo bila kucheka, kama inavyotakiwa.

Akanifundisha. Thumni ya mjane, sudusi, yaani sehemu ya sita, ya mama, nusu ya binti wa pekee, na jinsi ya kuyaleta mafungu yote kwenye mizani moja yasigombane. Hakuchoka nami hata siku moja. Baba alimpelekea kuku, akamrudisha, akisema elimu ya Mungu haina bei. Wajane wengi wa hapa Masasi wamepata haki zao kupitia mikono yangu, kwa hesabu ya mtu ambaye nikimkumbuka natema mate. Nimemwomba Mungu anifafanulie hilo. Hajanifafanulia, nami nangoja.

Katika masomo hayo ndipo siku moja aliniambia jambo ambalo sidhani alimwambia mtu mwingine. Nilikuwa nimeulizwa fungu la dada wa kambo, nikanyamaza nikifikiri, naye hakunihimiza. Akasema, "Mimi pia walinipima."

"Nani, shemeji?"

"Wale wa nafsi. Walinikalisha kitini. Mzee wao mkubwa, ndevu nyeupe mpaka kifuani, akanitajia maneno, na kijana wake ameshika saa. Sasa mimi nimelelewa kwetu. Mzee akikwambia neno, unaliacha litue kwanza. Humnyang'anyi mdomoni. Nikaliacha litue. Wakaandika kwamba watu wa nchi yangu wana akili nzito."

Nikamwuliza kama aliwaeleza.

"Niliwaeleza. Wakaandika na hayo." Aliifuta saa kwa kile kitambaa chake. "Nikaenda chumbani kwangu nikajizoeza mbele ya kioo, mpaka nikawa najibu kama bunduki. Waliponirudia hawakupata kosa."

Nilimhurumia siku ile. Maneno yale niliyaweka, sikujua nimeyawekea nini.

Watani zetu Wamakonde wa Newala hawakumhurumia. Alipokufa baba mdogo wa mama yangu, watani walikuja msibani kufanya kazi yao ya kuchekesha waliofiwa, kama desturi ilivyo. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni anawatazama wanaolia, kidole gumba juu ya saa, anapima nani analia kweli. Bibi mmoja wa Kimakonde, ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, akamwona. Akajitupa chini mbele yake.

"Nipime na mimi, bwana saa. Nina siri nyingi, zimenivimbisha tumbo."

Watu wakaanza kucheka. Mwalimu hakuweza kukataa; mtani hanuniwi. Akasema, "Ugali."

"Lete."

"Mbuzi."

"Ndiye huyu amevaa nyeupe."

"Kifo."

"Kimekuja kula pilau, bado hujakipakulia."

"Mke."

"Atakukimbia."

Yote yalitoka papo hapo, saa haikupata hata nafasi ya kupumua. Watu walicheka mpaka wenye msiba wakashika mbavu. Mwalimu naye alitabasamu, akasema kwa sauti, "Mnaona, huyu hana hatia." Bibi akasimama, akajipangusa vumbi. "Baba," akamwambia, na safari hii hakuwa anatania, "mwongo ndiye mwenye jibu tayari. Amelibeba kutoka nyumbani."

Nadhani Mwalimu alilisikia lile. Masikio yake yalikuwa mazima.

Kisha vikaja vita vya maji.

Wengi wanaosoma haya wamesikia habari zake, kwa hiyo sitazirefusha. Watu walikuwa wamechoka kuchapwa viboko kwenye shamba la pamba la akida. Wakatokea wajumbe kutoka kaskazini na dawa ya maji. Ukinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani itageuka maji ikikufikia. Upande wetu wengi walikunywa, na siwalaumu. Mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani. Baba hakunywa. Wajumbe walimsimamisha sokoni mbele ya watu, wakamwambia achague. Baba akawajibu, "Mimi maji yangu ni ya udhu." Mmoja wao alimpiga rungu la bega. Bega lile halikunyooka tena, na Masasi nzima ililijua lilivyopinda na kwa nini. Mwalimu ndiye aliyelifunga kitambaa, bila kusema neno, baba akitazama ukuta.

Risasi hazikugeuka maji. Tulijificha kwenye miamba na watoto wa watu, na tuliposhuka tulikuta maghala yamechomwa na mashamba yamechomwa, na njaa imekaa mahali pa wenyeji. Njaa haijaondoka, akaja Bwana, ofisa wa Kijerumani na askari wake, kutafuta nani alikunywa. Akakaa kwenye banda la pamba karibu na soko. Kila mtu alimshitaki adui yake, Bwana akakasirika kwa kutojua amwamini nani.

Hapo Mwalimu akavaa suti yake nyeupe, akaenda kwa Bwana na saa yake.

Dada yangu alisimulia jinsi alivyorudi nyumbani siku hiyo. Sijawahi kusikia furaha iliyonichukiza kama ile. Alimkumbatia, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alimwambia kwamba Bwana amekubali, kwamba watu wote watapimwa kwa hesabu na kwa elimu ya nafsi pamoja, na kwamba kazi hiyo haijapata kufanywa popote, hata kulekule Ulaya, kwa watu wengi hivyo. Bwana ameahidi kuwaandikia watu wa chuo kikuu. "Watanipa cheti changu, Salima," alisema. Watu walikuwa wanakula mizizi, na aliyeitwa mnywa maji alikuwa anafungwa mnyororo wa shingo kupelekwa Lindi, na yeye alikuwa anapiga mluzi akinyoa ndevu.

Upimaji ulifanyika mchana kweupe. Banda lilikuwa wazi pande zote, nguzo na paa tu, na sisi wanawake tuliruhusiwa kukaa nje juani. Mwalimu mezani, kibao na chaki mbele yake, saa mkononi. Dada yangu nyuma yake na kibuyu cha maji ya kunywa. Bwana kitini kando, mguu juu ya mguu. Mwanamume akaitwa, akatajiwa maneno: nyumba, mbuzi, mvua, maji, mbegu, risasi. Aliyekawia kwenye maji au risasi alipelekwa kushoto, kwenye mnyororo.

Katika wa mwanzo aliitwa mtu ambaye sote tulimjua. Ndiye aliyekuwa akigawa dawa mlimani kwa mikono yake mwenyewe. Akaambiwa, "Maji."

"Kisima," akajibu, papo hapo.

"Risasi."

"Swala." Akacheka kidogo, kama mwindaji.

Akapelekwa kulia. Akaenda zake nyumbani. Nyuma yake walifuata wazee, mmoja baada ya mwingine, watu wa adabu, watu wa kuliacha neno litue kwanza, nao mmoja baada ya mwingine wakapelekwa kushoto. Mama alinishika mkono. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Wakamwita baba.

Aliingia na bega lake lililopinda, akaona nani amekaa mezani, akasimama. Hakukuwa na mtu wa kati. Akageuka ubavu, kama inavyompasa mkwe, akaikabili nguzo ya banda.

"Nyumba," alisema Mwalimu.

"Nguzo," alisema baba kwa utulivu, "mwambie mkwe wangu: amani."

Askari wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee kichwa kimeungua na jua." Bwana akauliza kwa Kijerumani jambo gani hilo. Nilimtazama Mwalimu. Kilichohitajika kilikuwa sentensi moja, fupi kuliko zile alizowatamkia wanafunzi wake: kwetu mkwe husema hivi. Alijua Kijerumani chake na alijua desturi yetu, na yeye mwenyewe alikuwa amelituma jembe la baba yangu mara nyingi. Akajibu kitu kifupi, Bwana akainua mabega. Sikujua Kijerumani, lakini nilimwona askari anayekijua akiacha kucheka.

Mbuzi, mvua, yote aliyajibu kupitia nguzo. Kisha Mwalimu akasema, "Maji."

Baba hakukawia hata kidogo. Jibu hilo lilikuwa limeshamgharimu bega. "Nguzo, mwambie mkwe wangu maji yangu ni ya udhu. Mwenyewe anajua."

Nilikuwa nimekitazama kidole gumba cha Mwalimu. Hakikusogea. Mshale ule mwembamba uliendelea kukimbia, na yeye alimtazama baba yangu kama mtu anavyotazama kiti kitupu akingoja mgeni aje akikalie. Baba hakurudia. Mtu mwenye adabu hasemi mara mbili. Ukimya ukarefuka mpaka askari wenyewe wakaanza kukohoa. Ndipo Mwalimu akaachia saa, akaandika kwenye kibao, akasema, "Hakujibu."

Mama alijitia kanga mdomoni. Dada yangu Salima alikiweka kibuyu chini taratibu, kwa ule utaratibu wake wa zamani ambao hatukuwa tumeuona tangu aolewe, akatoka bandani, akaja akakaa baina yangu na mama. Kuishi nyumbani kwa yule mtu hakurudi tena.

Alimfuata mara moja tu, kumwuliza. Nilikwenda naye. Mwalimu hakukasirika. Alituwekea viti. Akasema, "Kipimo ni kumjibu mpimaji. Alijibu nguzo." Dada akamwambia, "Ulijua." Akasema, "Ningemtoa mkwe wangu kwa kumfahamu, nani angeamini hesabu ya wale wengine? Ningekuwa hakimu wa nyumbani kwangu. Elimu haina mkwe." Nikamkumbusha mzee wa ndevu nyeupe, na akili nzito. Akatoa kitambaa, akafuta mikono yake, na hatukuwa tumempa mkono.

Mnyororo ulikwenda Lindi. Miezi ikapita, akarudi mtu mmoja aliyefungwa nyuma ya baba, naye ndiye aliyetuletea habari. Njiani baba aliomba maji ya udhu kila swala ilipoingia. Maji yalikuwa ya askari na punda. Basi akatayamamu kwa mchanga, mnyororo ukilia kila alipoinua mikono usoni, na wale wengine shingo zao zikivutwa pamoja naye, wakawa wanainama ili apate kusali. Tumbo likamshika. Akafa kabla ya kufika pwani, akafukiwa kando ya njia bila kuoshwa. Mtu aliyekataa maji ya uongo mbele ya rungu alinyimwa maji ya haki siku ya kufa kwake. Nimesali kwa miaka mingi nipate kuliona jambo hilo kwa jicho la subira, na siku nyingine naliona. Siku nyingine naiona ile furaha ya mluzi.

Barua ya Bwana haikwenda. Alihamishwa, na aliyekuja baada yake alisema haoni haja ya saa, kamba inatosha. Mwalimu hakupata darasa tena Masasi. Wazazi walificha watoto wakimwona. Akapanda kwenda kuishi Newala.

Hata huko habari zake zilitufikia. Kwamba anapima mbuzi. Kwamba anakaa sokoni akitajia wapita njia maneno, nao wanamtajia ya kwao, ya matusi. Wajerumani waliondoka, wakaja Waingereza, na chuo kikuu hakikuandika.

Nilimwona mara moja tena. Mama alikuwa kitandani, pumzi zimekwisha kuhesabiwa na mwenye kuzihesabu. Bado walikuwapo watu wa Masasi walioamini kwamba baba alikunywa. Serikali ilisema, saa ilisema. Mama hakutaka kufa na neno hilo. Akaniambia, "Nenda kwa mkwe wangu. Mwulize kama mzee alijibu. Nataka kusikia kutoka kwake, si kwako. Wewe nakuamini, lakini wewe ni wangu."

Nikaenda kwa miguu. Newala iko juu na maji yako chini. Wanawake hushuka genge alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa kali, na mgeni mwenye akili haleti kuku wala mchele, analeta maji. Nilishuka na wanawake wa huko, nikajaza mtungi wangu, nikapanda nao, mtungi kichwani.

Nyumba yake ilikuwa ukingoni, mlango hauna ubao. Alikaa chini, ameegemea nguzo ya katikati. Suti ilikuwa ileile, rangi ya udongo sasa, imefungwa kiunoni kwa kamba ya mkonge. Midomo imepasuka. Harufu sitaieleza. Saa haikuwapo, lakini kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinabonyeza kiganja, kikiachia, kikibonyeza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," papo hapo.

"Mama ni mgonjwa. Ameniagiza."

"Anakufa," papo hapo.

"Amesema nikuulize. Siku ile bandani, baba alijibu au hakujibu?"

"Hesabu ilikuwa sahihi." Sikuwa nimelimaliza swali. Alikuwa nalo jibu tayari, amelibeba miaka yote hiyo, na lilitoka mdomoni mwake safi bila doa, kama bunduki. Nilitaka kugeuka. Lakini nilikuwa nimelelewa, na mtungi bado ulikuwa kichwani. Nikautua. Nikaona mtungi wake pembeni, umelala ubavu, buibui amejenga mdomoni.

"Shemeji," nikamwuliza, kwa kuwa ndilo swali analoulizwa mtu yeyote Newala, "siku hizi nani anakuchotea maji?"

Kidole gumba kikasimama.

Hakujibu. Nilimngoja. Nilikuwa nimefundishwa kungoja tangu utotoni, nikamngoja kama baba alivyongojwa. Alikitazama kiganja chake, kisha akanitazama, na nilijua kwamba anaisikia saa ile mahali fulani ndani mwake, na mshale unakimbia, na yeye hana neno.

Mwishowe akajivuta, akanigeuzia ubavu. Akaikabili nguzo aliyokuwa ameiegemea.

"Nguzo," akasema, na sauti haikuwa ya bunduki, "mwambie Mama Salima mzee alijibu. Kwenye maji alijibu upesi kuliko watu wote. Nilimsikia. Mimi ndiye niliyeiacha saa iende."

Basi alijua. Nilikuwa nimekwenda kulitafuta neno hilo, na nilipolipata halikunipoza. Kama angekosea ningeweza kumlilia.

Niliusimamisha mtungi wake, nikautoa utando wa buibui, nikammiminia maji yangu yote ya kunywa na ya udhu, kwa sababu baba angefanya hivyo. Kisha, kwa kuwa sikuweza kumwambia neno mtu yule usoni, na wala sikutaka, nikaigeukia nguzo ileile.

"Nguzo," nikasema, "mwambie Mwalimu ujumbe utafika."

Nikatoka. Nilipouvuka ua wake nikatema mate, nikaanza kuteremka kwenda kwa mama.